Samaki wa Riziki na Neno Nililokupa, Mama

Beechmont, Louisville
Katikati ya mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia kwa heshima zote, tena nimekaa mezani na shati la kanisani, maana nimeona aibu kukuandikia wewe nikiwa na fulana ya kiwandani. Naomba barua hii ikukute mzima, goti likiwa limetulia na vumbi la kiangazi halijakushika kifua. Ile miwani inakufaa? Nimeandika herufi kubwa makusudi, kama za Biblia yako, usije ukampa mtu mwingine akusomee. Sisi huku, mimi na mjukuu wako Riziki, hatujambo. Tunakula, tunasali, joto limetuzidi, lakini hatujambo.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Sababu ya kwanza unaijua: simu unayopokelea ni ya jirani yako muuza dagaa, na yule mama ni mtu mwema, lakini akishaweka simu kwenye spika, kambi nzima ya wakimbizi inapata habari kabla hata sijakata. Sababu ya pili ni kwamba mimi ni mkweo. Yapo mambo ambayo mkwe akimtamkia mama mkwe sikioni amekosa adabu. Kwenye karatasi naweza kuyasema huku nimeinamisha macho.

Basi niseme. Mwezi wa kwanza, mbele ya wanao wawili, nilikupa neno kwamba shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa nane nitampeleka Riziki kwa mama yake mkubwa, Sifa, kule Hilliard, jimbo la jirani, akalelewe huko. Leo nakuomba unirudishie neno hilo. Nataka kubaki na mtoto wangu.

Usikasirike bado. Nipe nafasi nikueleze, na univumilie, maana habari yenyewe inapitia kwa samaki.

Unajua mwanao Noela, mke wangu, alipotutoka, Riziki alikuwa na miaka minane. Kitu ambacho sikukuambia ni kwamba baada ya mazishi mtoto alinyamaza. Si kununa, alinyamaza. Shuleni anajibu akiulizwa, nyumbani ananiitikia kwa kichwa, na akisema neno ni Kiingereza, tena kidogo, kama mtu anayegawa chumvi ya mwisho. Mimi nikawa nazungumza peke yangu jikoni kama redio. Nilimwombea, wakamwekea mikono kanisani, akasema asante, akanyamaza tena.

Kiwandani, tunakotengeneza maboksi, nasimama mashine moja na mzee Mmarekani anaitwa Roy. Ni mtu wa hapahapa Kentucky, mvuvi wa siku za mapumziko, ndevu zake nyeupe na maneno yake machache. Siku moja, kiangazi cha mwaka jana, akaniuliza mtoto anapenda nini. Nikashindwa kujibu. Mama, niliona haya kushindwa swali hilo kuliko nilivyowahi kushindwa mtihani. Jumamosi yake akaja na fimbo mbili za kuvulia, akanipeleka dukani nikakata kibali cha kuvua, tukaenda watatu kwenye kijito nje ya mji.

Nilitaka kitoweo, sikufichi. Nikavua samaki mmoja wa kiganja, bapa kama ngege mdogo, ila rangi zake hujawahi kuona: tumbo la rangi ya machungwa, mashavuni michirizi ya buluu, na nyuma ya shavu kipande cheusi kama sikio. Wamarekani humwita samaki wa jua. Nikamtia kwenye ndoo ya maji afike nyumbani akiwa hai, kama wauzaji wa kambini wanavyofanya na kambale, maana samaki aliyekufa safarini ladha yake imekwisha. Roy akaangalia ndoo, akaendelea kukunja uzi wake.

Nyumbani nikanoa kisu. Riziki akasimama kati yangu na ndoo, akasema kwa Kiingereza, "Ananiangalia." Nikachungulia. Kweli samaki yule alikuwa amegeuka upande, jicho moja kwa mtoto. Kisha akasema sentensi ya pili, "Akijua atalishwa, atakuja." Sentensi mbili mfululizo, Mama. Nikarudisha kisu kwenye droo, jioni hiyo tukala maharage.

Kwa siku tatu tulioga kwa kopo kama kambini, kwa sababu beseni la kuogea lilikuwa na mpangaji. Roy aliposikia akacheka mpaka akakohoa, akatuletea tangi la kioo alilokuwa nalo stoo, refu kama benchi la kanisa, na mashine yake ya kuchuja maji. Akamfundisha Riziki kwamba maji ya bomba yana dawa inayowachoma samaki matamvua, lazima yatiwe matone ya kuiondoa kwanza. Akamfundisha kuosha kokoto, kupima joto, kuchimba nyungunyungu nyuma ya nyumba na kuwakata vipande. Wiki ya pili tukavua jike, rangi yake kijivu tupu.

Riziki akawapa majina. Dume alimwita Mchungaji, kwa kuwa ana kitambi, hafungi mdomo, na ukikaribia anakuja mbele kukusalimu kabla hujamsalimu. Jike akamwita Mama Kwaya. Naomba jambo hili libaki kati yetu, kwa sababu aliyekuletea barua hii ni mchungaji wetu mwenyewe, na kitambi anacho.

Kidogo kidogo mtoto akaanza kusema. Kwanza aliwasemesha samaki, halafu akawa ananisemesha mimi kuhusu samaki, halafu kuhusu shule. Bado kwa Kiingereza zaidi, lakini mimi ningepokea hata Kichina.

Sasa turudi kwenye mwezi wa kwanza. Shemeji Wilondja, kaka yake Noela, aliacha duka la vyakula analofanyia kazi pale Grant Street, Buffalo, akaendesha gari kwenye theluji mpaka Hilliard, na mimi nikapanda kutoka huku na Riziki. Tukakaa sebuleni kwa Sifa, soda mezani, watoto chumba cha pili na katuni zao. Nilijua ni kikao cha nini. Sifa alianza kwa upole, na alikuwa na machozi.

"Shemeji, hakuna mutu anasema uko muzazi mubaya," aliniambia. "Bon, lakini mutoto wa mwanamuke anakomea, anakuwa mukubwa. Ile nywele yake, nani anamusuka? Asubui unaenda kazi, anabakia na nani? Kesho kesho kutwa, mambo ya banamuke nani atamufundisha? Weye?"

Shemeji Wilondja akaongeza, "Mukono moja haileyi mutoto. Donc, tusaidiane."

Ile Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemsuka Riziki mwenyewe, na wasichana wa kanisani walimwona wakaziba midomo. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa nambeba amejifunga blanketi nampeleka kwa jirani, ili mimi niwahi zamu. Yote waliyosema yalikuwa kweli. Zaidi ya hapo, hata mimi niliamini hivyo. Sikukubali kwa kusukumwa. Nilikubali kwa sababu moyoni nilikuwa nasema siku zote: mtoto ni wa mama, na mama akiondoka, mtoto atafutiwe mama. Baba ni wa kuleta unga.

Tukakupigia. Ukasema kwenye spika, "Asante, mwanangu. Umenitula muzigo." Nilisikia jinsi ulivyovuta pumzi. Tangu siku ile sauti hiyo sijaisahau.

Riziki sikumwambia. Nilisema moyoni, afunge shule kwanza. Kwani ana haraka gani ya kuhuzunika?

Tukarudi nyumbani, baridi ikaendelea. Roy alikuwa ametuagiza tusiwapashe samaki moto, tangi likae sebuleni dirishani lisikie majira ya nje, ndiyo mwezi wa tano watajua ni wakati wao. Na kweli. Mwezi wa tano ulipoingia, Mchungaji akabadilika. Tumbo likawa jekundu kama kaa la moto, akaacha kusalimia watu. Akawa anapiga mkia juu ya kokoto, anapiga, anapiga, mpaka akachimba shimo la mviringo kama sahani. Mama Kwaya akiingia, wanazungukana humo. Asubuhi moja Riziki aliniita kwa kunong'ona. Ndani ya sahani ile, juu ya kokoto, mayai yalikuwa yamenata, madogo kama mbegu za mchicha, meupe. Akaenda kupanda basi la shule akirudi nyuma nyuma ili asiache kuyatazama.

Siku hiyo nilikuwa na mapumziko. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya tangi, na nilichokiona kikanichukiza. Mchungaji alikuwa anamfukuza jike! Kila jike akikaribia mayai, dume anamgonga ubavuni, mapezi yake yameshachanika. Jike amejibanza pembeni juu kabisa, anahema. Nikasema, angalia mwanamume huyu asiye na aibu, mwenzake amezaa na yeye anamzuia kuwaona wanawe.

Hapo, Mama, ndipo wewe unapoingia. Noela aliniambia zamani, tukiwa wachumba bado, habari ulizomfundisha akiwa mdogo kule kwenu Fizi, ufukweni mwa ziwa: kwamba ngege jike huwaficha wanawe kinywani, hali chakula mpaka wakue, na kwamba mvuvi mwenye akili akimvua ngege mwenye mdomo uliojaa anamrudisha ziwani. Mimi mtu wa kambini, samaki nilimjua kwenye sahani tu. Nilichojua juu ya uzazi wa samaki ni hicho ulichokifundisha wewe. Basi nikafikiri: jike huyu anataka kuwachukua wanawe kinywani, na dume hili linamzuia. Nikachukua wavu, nikamtoa Mchungaji. Alipigana, Mama. Alikwepa wavu na kurudi kwenye shimo mara tatu. Nikamtia kwenye ndoo, nikafunika kwa sinia, nikamwambia Mama Kwaya, haya, mzazi, kaa na watoto wako.

Akateremka taratibu. Akayafikia mayai. Akainamisha mdomo. Nikafurahi kabisa, nikasema ndivyo, ndivyo, wachukue. Nikaenda kupika, nikiimba.

Alikuwa anayala. Niliporudi yalikuwa yamebaki machache, na hayo machache, yasiyo na wa kuyapepea, yalianza kushika ukungu kama mkate. Bado nilidhani ameyaficha mdomoni. Nilikaa nikimngojea ateme.

Riziki aliporudi hakuvua hata begi. Alitazama tangi, akatazama ndoo, akafunua sinia. Kisha alinigeukia na kulia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mazishi. Na alichosema hakukisema kwa Kiingereza, Mama. Alikisema kwa Kiswahili cha mama yake, hichohicho chenu, neno kwa neno kama Noela amesimama pale sebuleni.

"Baba njo anachungaka batoto! Si mama! Baba njo anapepeya, baba njo anafukuza! Kwa nini ulimutosha?"

Nikamwambia nilimtoa kwa sababu nilidhani mama ndiye anayejua. Akajifuta kwa mkono wa shati, akarudi kwenye Kiingereza chake, sauti chini. "Ndivyo mnavyodhani wote," alisema. "Ndiyo sababu mwezi wa nane unanipeleka."

Nilikaa chini, Mama. Kumbe siku ile ya kikao mlango wa chumba cha watoto ulikuwa wazi, na katuni zile hakuzitazama. Alisikia kila neno. Kwa kuwa ananijibu kwa Kiingereza, nilijidanganya kwamba Kiswahili kinampita. Miezi minne alikuwa amebeba habari ile peke yake, akinisubiri nimwambie, na mimi kila siku namuuliza habari za nyungunyungu.

Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza anataka nini. Alikwenda kuleta daftari lake la samaki, lile analoandika joto la maji na nani amekula. Akafungua ukurasa wa nyuma. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza yale yote mama yake mkubwa aliyoyasema kikaoni, yamepangwa kama kazi za shule, na pembeni alama ya vema. Nywele: vema. Nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa tatu anajisuka mwenyewe mbele ya simu, mistari mitatu, imepinda lakini imeshika. Kupika: vema. Nilishamkuta amepanda kigoda anasonga ugali, nikampiga picha nikakutumia, tukasifu kwamba amekua. Kuamka mwenyewe: vema. Kufua: vema. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anaondoa sababu moja moja, ili mwezi wa nane ukifika kusiwe na sababu iliyobaki ya kumpeleka. Mimi nikiona najivunia, sikujua nikionacho.

Tangu siku hiyo na mimi nimeanza kutafuta alama zangu. Nilimwendea msimamizi, nikamwomba zamu ya saa mbili asubuhi. Alinizungusha wiki tatu, lakini amenipa. Sasa namwona mtoto akila uji, na shule zikifunguliwa nitampandisha basi mwenyewe. Mama mmoja wa kwaya alinifundisha kusuka kwa kutumia uzi na kiti. Kichwa cha kiti nakisuka vizuri sana. Cha Riziki bado nakiumiza.

Na samaki walijaribu tena mwezi wa sita. Safari hii nilikuwa mwanafunzi, Riziki akiwa mwalimu. Mayai yalipoonekana tulimtoa Mama Kwaya tukamweka kwenye beseni lake, tukamwacha Mchungaji. Roy akatuambia tuvishe mdomo wa bomba la mashine soksi ili vitoto visivutwe. Mama, sijawahi kuona kiumbe anayechoka vile. Anapepea mayai kwa mapezi mchana kutwa, hali chakula, akiona kidole changu kwenye kioo anakuja kunigonga. Siku ya nne vikatoka, vimelala kwenye kokoto kama vumbi lenye macho. Wengi wamekufa, siwezi kukudanganya. Waliobaki ni kama wa kujaza kijiko, na sasa wanaogelea.

Nilipompigia Sifa kumwambia nimebadili nia, aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Shemeji, mutoto wa mudogo wangu unamupimia na samaki? Na ile samaki, haikulaka batoto bake?"

Nikamjibu kweli: baba yule naye huwala, mmoja mmoja, wakichelewa kuondoka. Sikusema ni malaika. Na sisemi, Mama, kwamba samaki amenifundisha kulea. Samaki alinionyesha tu kwamba nilikuwa tayari kumtoa baba kwenye kazi yake kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba ni yake. Hayo mengine nimeyaona kwenye daftari.

Sifa hana kosa hata moja. Amekwisha kununua kitanda. Amepaka chumba rangi ya zambarau, kwa kuwa ndiyo rangi Noela aliyokuwa anapenda, na alilia kwenye simu akanifanya na mimi nilie. Anamtafuta mdogo wake ndani ya Riziki, na mimi pia. Nimemwambia sikukuu zote na mwezi mzima wa kiangazi mtoto atakuwa kwake, kitanda kile kilalwe. Hajakubali. Alinikumbusha kwamba nilitoa neno mbele ya mkubwa, na kwetu sote, sisi Warundi na ninyi Wabembe, mwanamume anayemeza neno lake mbele ya wakwe hana pa kukaa.

Ndipo nikampigia shemeji Wilondja Buffalo, nikitegemea kugombezwa. Alinisikiliza hadi mwisho, nasikia wateja wakimwita nyuma. Akasema, "Ile neno haukunipatia miye. Haukupatia Sifa. Ulipatia mama. Donc, mama njo anaweza kukurudishia. Umuandikie."

Kwa hiyo nimeandika. Kabla sijafikia ombi langu, niwasalimie watu. Nisalimie mdogo wake Noela, yule fundi wa cherehani, umwambie gauni la Riziki limekuwa fupi na anakataa kuligawa. Nisalimie mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa, na binamu yangu anayefundisha shule ya msingi hapo kambini, mwambie barua yake nimeipata. Nisalimie jirani yako muuza dagaa, tena kwa shukrani, na asidhani tumemchukia tukiacha kutumia simu yake. Roy naye anakusalimu. Aliponiuliza naandika nini muda mrefu hivi nikamwambia namwandikia mama mkwe, akanipa pole.

Mleta barua amebeba simu ndogo ndani ya bahasha ya kaki. Ni yako, Mama, si ya mtu mwingine. Namba yetu imo, bonyeza kitufe cha kijani tu. Nimekununulia kwa sababu katika daftari lile ulibaki mstari mmoja usio na alama. Ni ule wa mambo ya wanawake. Riziki hakuweza kujiwekea vema, na mimi siwezi kumwekea. Pembeni yake ameandika neno moja la Kiswahili, akaweka na alama ya kuuliza: Bibi?

Najua si heshima mkwe kukutajia jambo hili. Lakini hakuna mwingine mwenye haki ya kulijibu. Mfundishe, Mama, kila Jumamosi asubuhi yetu ambayo ni alasiri yenu. Mfundishe ulivyomfundisha mama yake, na habari ya ngege pia.

Lakini kama moyo wako unasema aende Hilliard, sitabishana. Ni damu ya mwanao, na neno ulinishikia kwa uaminifu. Nitafunga mizigo yake, nitampeleka mwenyewe. Ila hilo, tafadhali, umwambie yeye na si mimi, kwa kuwa mimi nilipaswa kumwambia nikashindwa, na sitaki tena alisikie mlangoni.

Jumamosi ya kwanza baada ya kupata barua hii, piga. Nitampa simu, nitafunga mlango, nitashuka kukaa garini, nisisikie hata neno moja. Mkizungumza saa nzima, nitakaa saa nzima. Halafu atatoka barazani kuniita, na kabla hajafungua mdomo nitakuwa nimeshajua, kwa jinsi atakavyoteremka ngazi.

Mungu akulinde, Mama.

Ni mimi mwanao,
Emmanuel, baba yake Riziki